Kusubiri, Kuvumilia na Kustahimili: Falsafa ya Wastoa katika Msamiati wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Falsafa ya Wastoa iliasisiwa na Zeno mjini Athens yapata mwaka 300 K.K. Mwalimu anayeieleza kwa Kiswahili ni rahisi kukimbilia neno "uvumilivu". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo peke yake halitoshi, na kwamba uteuzi wa kitenzi una athari kwa mtu aliyefikwa na dhiki.

Tutamchukua Epictetus kuwa mfano. Alizaliwa mtumwa, akaachwa huru, kisha akafundisha Nicopolis, Ugiriki. Mafundisho yake, yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Arrian, yana upambanuzi mmoja wa msingi: yako mambo yaliyo katika uwezo wetu, yaani maoni, matakwa na matendo yetu, na yako yasiyo katika uwezo wetu, mathalani maradhi, mauti na sifa mbele za watu.

2.0 Ushahidi wa Sarufi

Tuzingatie sentensi zifuatazo:

(1) Juma anasubiri mvua.
(2) Juma anavumilia mvua.
(3) Juma anastahimili mvua.

Katika (1) mvua haijanyesha. Katika (2) na (3) inamnyea. Kitenzi -subiri, kikiwa na yambwa, hutazama jambo lijalo. Nomino "subira" ni pana zaidi. Wafiwa wanapoambiwa "Mungu awape subira", hakuna kinachongojewa. Nomino imehifadhi maana ya Kiarabu ya kujizuia.

Kitenzi -stahimili kina mzizi mmoja na "himila" (mzigo) na "hamali" (mchukuzi). Mstahimilivu, basi, ni mbebaji: mzigo haukupungua, bali yeye anao uwezo wa kuubeba. Hiyo ndiyo nguvu ya ndani waliyoikusudia Wastoa.

3.0 Ahadi ya Methali

"Subira yavuta heri" na "Mvumilivu hula mbivu" ni methali zinazoahidi malipo. Wastoa hawakuahidi mbivu. Kwao, wema wa nafsi ndio heri yenyewe, hata kama dhiki haitaondoka. Mfasiri hana budi kuidhihirisha tofauti hii.

4.0 Mipaka ya Kuvumilia

Bibi harusi huusiwa kwamba "ndoa ni kuvumilia". Usia huo ni mwema panapokuwa na umaskini au ugonjwa. Lakini mke anayepigwa naye huambiwa avumilie, kwa kitenzi kile kile. Hapa upambanuzi wa Epictetus una manufaa. Kipigo cha jana hakifutiki, na tabia ya mume haimo katika uwezo wa mke. Hata hivyo kusema, kushtaki na kuondoka ni matendo, na matendo yamo upande wa mambo yaliyo yetu. Kumwambia avumilie ni kuyahamishia matendo hayo upande usio wake.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza "ustahimilivu" kwa nguvu ya ndani, na "kuridhia" kwa kulipokea lisilobadilika, kwa kuwa -ridhia hudai hiari ya mtenda. Aliyekata tamaa ameshindwa, aliyeridhia ameamua. Kabla ya kumwambia mwenzetu avumilie, yatupasa kwanza tumuulize ni lipi analoweza kulitenda.