Motokaa ya Umeme Kisiwani: Hesabu za Mgeni wa Maui

Maui ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika visiwa vya Hawaii, vilivyoko katikati ya Bahari ya Pasifiki na ambavyo ni jimbo la Marekani. Idadi ya wageni wanaokitembelea kwa mwaka huzidi mara nyingi idadi ya wenyeji wake. Wengi wao hukodi motokaa mara washukapo katika kiwanja cha ndege cha Kahului, na siku hizi baadhi yao hukabidhiwa motokaa isiyotumia petroli bali umeme uliohifadhiwa katika betri. Mgeni wa namna hiyo huwa na maswali mawili. Je, betri itamfikisha aendako na kumrudisha? Na je, ni kweli kwamba safari yake haichomi mafuta? Maswali yote mawili hujibiwa kwa hesabu nyepesi, ambazo mwanafunzi wa sekondari anaziweza.

Kilowati na Kilowati-saa

Vipimo hivi viwili huchanganywa mara kwa mara. Kilowati-saa ni kiasi cha nishati, mfano wa maji yaliyomo katika pipa. Kilowati ni kasi ya kuingiza au kutoa nishati hiyo, mfano wa kasi ya maji yatokayo bombani. Tuseme motokaa iliyokodiwa ina betri ya kilowati-saa 40, na katika barabara tambarare hutumia kilowati-saa 16 hivi kwa kila kilomita 100. Betri ikijaa, motokaa hiyo itakwenda kilomita 250 hivi. Kwa kuwa kisiwa chenyewe ni kidogo, mgeni angeweza kudhani kwamba hana haja ya kufikiri zaidi. Lakini Maui ina mlima.

Hesabu ya Mlima

Haleakalā ni mlima wa volkeno wenye kimo cha mita 3,055. Wageni wengi huondoka usiku ili wakatazame jua likichomoza kutoka kileleni. Barabara ya kutoka Kahului, iliyo karibu na usawa wa bahari, hadi kileleni ina urefu wa kilomita 60 hivi, na ndani ya hifadhi ya mlima hakuna kituo cha petroli. Mwenye motokaa ya umeme naye hana budi kujitegemea.

Kanuni ya fizikia ni kwamba nishati ya kuinua kitu ni tungamo lake, mara mvutano wa dunia, mara kimo. Kwa motokaa na abiria wenye jumla ya kilo 1,800, hesabu ni 1,800 × 9.8 × 3,055, yaani juli milioni 54 hivi. Kwa kuwa kilowati-saa moja ni juli milioni 3.6, jibu ni kilowati-saa 15. Kwa sababu mota na mitambo yake hupoteza sehemu ndogo kama joto, betri itatoa kama 17. Zikiongezwa 10 za kushinda msuguano wa magurudumu na upinzani wa hewa katika kilomita 60, jumla huwa 27. Hivyo basi, motokaa iliyoondoka na kilowati-saa 40 hufika kileleni ikiwa na 13 tu. Kama baridi ni kali na kipasha joto kimewashwa, zitapungua zaidi.

Mgeni asiyejua hesabu hii huingiwa na hofu: theluthi mbili za betri zimekwisha, naye yuko nusu ya safari tu. Ukweli ni kwamba nishati ya kuinua motokaa haikupotea, bali imehifadhiwa katika kimo chenyewe. Wakati wa kuteremka, mota hugeuka kuwa jenereta: magurudumu huizungusha, nayo hutoa umeme unaorudi katika betri na papo hapo hupunguza mwendo. Katika zile kilowati-saa 15, kama 8 hutumiwa na msuguano na hewa, na katika 7 zinazobaki, kama 5 hurudi betrini. Motokaa hufika Kahului ikiwa na kilowati-saa 18, yaani zaidi ya ilizokuwa nazo kileleni.

Lipo onyo moja. Betri iliyojaa kabisa haiwezi kupokea zaidi. Aliyelala Kula, mgongoni mwa mlima, akajaza betri yake yote usiku, atakapoteremka asubuhi hatasaidiwa na mota kama alivyozoea, na itambidi ategemee zaidi breki za kawaida. Ni heri aache nafasi kidogo.

Aina Tatu za Kuchaji

Motokaa sasa inadai kilowati-saa 22. Soketi ya kawaida ya nyumba za Marekani, yenye volti 120, hutoa kilowati 1.4 hivi, kazi hiyo itachukua saa 16. Mtambo wa volti 240, unaopatikana katika baadhi ya hoteli na maegesho, hutoa kama kilowati 7. Saa tatu na ushei zatosha. Mtambo wa haraka wa kilowati 50 huingiza umeme mwingi kwa nusu saa, lakini betri inapokaribia kujaa kasi hupunguzwa ili isidhurike. Kwa kuwa plagi za mitambo hiyo hazifanani, ni muhimu kuuliza kabla ya kupokea ufunguo.

Saa ya Kuchaji

Swali la pili ndilo zito. Unguja hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Visiwa vya Hawaii havikuunganishwa hivyo. Kila kimoja hujitegemea. Maui huzalisha umeme kwa mafuta yaletwayo na meli, kwa jua, na kwa upepo, ukiwamo wa mitambo ya Kaheawa iliyoanza kazi mwaka 2006. Sheria ya mwaka 2015 inataka umeme wote unaouzwa Hawaii utokane na nishati jadidifu ifikapo mwaka 2045.

Kabla ya kufikiwa lengo hilo, saa ya kuchaji ina maana kubwa. Wageni hurejea kutoka ufukweni jioni. Wote wakichomeka plagi saa moja usiku, jua limekwisha kutua na wenyeji wanapika. Mara nyingi jenereta za mafuta ndizo hulazimika kuongeza kazi, nazo hupoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta kama joto. Wakichaji saa sita mchana, hutumia jua. Mradi ulioanzishwa mwaka 2011 kwa ushirikiano wa Japani na Hawaii ulijaribu kisiwani humo kuhamishia kazi hiyo usiku wa manane, ambapo upepo huvuma na watumiaji ni wachache.

Hitimisho

Motokaa ya umeme haina moshi wake yenyewe. Moshi, kama upo, uko penye jenereta. Mgeni anayeiacha ichaji mchana wakati anapoogelea, au anayeitegea saa ianze usiku wa manane, hagharimiwi chochote zaidi ya kufikiri kidogo. Wenyeji, ambao mafuta yao husafirishwa maelfu ya kilomita baharini, ndio wanaobaki na faida yake baada ya yeye kurudi kwao.