Bluetooth kwa Simu Yako: Jinsi ya Kuiwasha, Kuitumia na Kulinda Pesa Zako

Msimu wa maembe ukifika Makueni, kati ya Desemba na Machi hivi, simu za wafanyabiashara hazipumziki. Mnunuzi aliyesimamisha lori pale Emali anataka kuona picha za maembe ya jirani yako. Katibu wa chama anataka orodha ya wakulima waliopeleka matunda kiwandani Kalamba. Huku Kitui hali ni hiyo hiyo ndengu zinapovunwa. Na mara nyingi bando limeisha, ama mtandao unasuasua pale hasa uliposimama.

Hapo ndipo mtu husema, "Washa Bluetooth nikurushie." Ni njia nzuri, haina malipo na haihitaji mtandao. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo iliyobeba pesa zako za mauzo, karo ya watoto na akiba ya chama. Katika somo hili tutakuonyesha jinsi ya kuweka Bluetooth, jinsi ya kuitumia kwa biashara, na mahali ambapo walaghai hupenyea.

Bluetooth ni nini hasa?

Ni redio ndogo iliyo ndani ya simu yako. Inaongea na redio kama hiyo iliyo kwa simu nyingine, spika, printa ama gari, mradi viko karibu. Kwa simu nyingi umbali huo ni kama mita 10, na ukuta wa mawe ukiwa katikati unapungua.

Teknolojia hii ilianza katika kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka wa 1994. Mwaka wa 1998 kampuni za Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba ziliungana ili simu na kompyuta za kila aina ziweze kuelewana. Jina lilitokana na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayekumbukwa kwa kuunganisha watu wake.

Kwa sababu ni redio ya simu kwa simu, haitumii bando wala salio. Ukiwa Mutomo ama Kyuso bila hata shilingi moja ya airtime, bado itafanya kazi.

Kitu ambacho Bluetooth haifanyi

Bluetooth haitumi pesa. Tunaomba uelewe jambo hili vizuri kabla ya kuendelea.

Pesa zako haziko ndani ya simu. Ziko kwa akaunti yako, katika mitambo ya kampuni inayokuhudumia. Simu inapeleka tu maagizo kupitia mtandao wa laini yako ama intaneti: tuma kiasi hiki, kwa nambari hii. Ndio maana ukipoteza simu na uchukue laini mpya ya nambari ile ile, salio lako unalikuta.

Kwa hivyo, mtu akikwambia "washa Bluetooth nikutumie pesa" ama "kubali hii faili ndio malipo yaingie", huyo anakudanganya. Hakuna malipo yanayokuja kama faili.

Hatua za kuweka Bluetooth kwa simu janja

Majina hutofautiana kidogo kutoka simu moja hadi nyingine, lakini mpangilio ni mmoja.

1. Fungua Mipangilio. Simu nyingi hapa kwetu ziko kwa Kiingereza, kwa hivyo tafuta neno Settings, halafu Bluetooth ama Connected devices.

2. Badilisha jina la simu yako kwanza. Jina hili ndilo watu wote walio karibu wanaona unapotafuta kifaa. Wengi wetu tumeweka majina yetu yote mawili, wengine hata nambari ya simu. Ukiwa stendi ya Wote ama ya Mwingi, umempa mgeni jina na nambari yako bila kujua, na hayo mawili yanamtosha kukupigia akijifanya mhudumu wa wateja. Weka jina ambalo wewe utalijua lakini halimwambii mtu mwingine kitu, kama "Muembe 7".

3. Washa Bluetooth. Simu itaanza kutafuta vifaa vilivyo karibu. Simu nyingi za siku hizi huonekana kwa wengine tu wakati ukurasa huu wa Bluetooth uko wazi, kwa hivyo usitoke hapo mpaka mmalize kuunganisha.

4. Chagua kifaa unachotaka kutoka kwa orodha. Kikikosekana, hakikisha kwamba na hicho kimewashwa.

5. Linganisha nambari. Simu mbili zikiunganishwa, nambari ya tarakimu sita hutokea kwa skrini zote mbili. Zikifanana, kila mmoja abonyeze kukubali. Zisipofanana, kataa. Huenda umechagua simu ya mtu mwingine kabisa.

Nambari hii ya kuunganisha sio PIN yako ya pesa, na haina uhusiano wowote nayo. Hakuna hatua ya Bluetooth inayohitaji PIN ya akaunti yako. Ukiona skrini inayoiomba, funga.

Kama unatumia kabambe, ingia kwa menyu, tafuta sehemu ya Bluetooth kwa mipangilio, na uiwashe. Kabambe nyingi zina sehemu ya kuchagua kama simu ionekane au ifichwe. Ifanye ionekane unapounganisha tu, halafu uifiche.

Kutuma na kupokea faili

Fungua picha ama faili, bonyeza alama ya kushiriki, chagua Bluetooth, kisha uchague jina la simu ya mwenzako. Yeye ataulizwa kama anakubali. Bila yeye kukubali, hakuna kitu kinaingia.

Picha moja ya MB 3 huchukua kama sekunde 15 hadi 30. Filamu ya MB 700 inaweza kuchukua saa nzima, kwa hivyo kwa vitu vikubwa tumia Quick Share ya simu za Android. Hiyo hutumia Bluetooth kutafuta simu nyingine, kisha hutuma faili kwa Wi-Fi ya simu kwa simu, bila kula bando. Jambo lingine: iPhone haipokei faili kutoka kwa Android kwa njia hii ya kawaida ya Bluetooth, kwa hivyo usihangaike ukidhani simu yako imeharibika.

Printa, spika na gari

Kwa wakala ama mwenye duka, printa ndogo ya risiti ni msaada mkubwa. Inaunganishwa kwa hatua zile zile, ila nyingi hazina skrini, kwa hivyo simu itakuuliza nambari ya printa. Mara nyingi ni 0000 ama 1234, na huwa imeandikwa kwa kijitabu chake.

Spika haina neno. Gari ndilo la kuangalia. Ukiunganisha simu na redio ya gari, linaweza kuomba ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi na jumbe zako. Tuseme umepanda probox kutoka Kibwezi kwenda Kitui kupitia Mutomo, na dereva anakuruhusu ucheze nyimbo zako. Ukikubali kila kitu kinachoulizwa, ujumbe wa malipo ukiingia unaweza kutokea kwa skrini ya gari, kiasi na salio vikisomwa na abiria wote. Ruhusu sauti tu. Kataa majina na jumbe. Ukishuka, rudi kwa orodha ya vifaa na uagize simu isahau gari hilo.

Mahali ambapo pesa hupotea

Hizi ni njia tatu za kuangalia kwa makini.

*Ya kwanza ni programu inayorushwa kwa Bluetooth.* Tuchukulie mama anauza maembe sokoni, na kijana mwenye heshima zake anamwambia, "Mama, kuna programu ya mikopo, riba ni ndogo sana. Huna haja ya bando, nakurushia." Faili inaingia, na jina lake linaishia na herufi APK. Simu inaonya kwamba programu hii haitoki kwa duka rasmi. Kijana anasema, "Hiyo ni kawaida tu, bonyeza ruhusu." Programu inafunguka, inaomba ruhusa ya kusoma jumbe, kisha inaomba ile ruhusa ya usaidizi, ambayo kazi yake halisi ni kusaidia watu wenye ulemavu kutumia simu.

Ruhusa ya kwanza inaipa nafasi ya kuona jumbe za malipo na nambari za uthibitisho. Ya pili inaweza kuiwezesha kuona kilicho kwa skrini, na hata kubonyeza kwa niaba yako. Baada ya hapo, huyo kijana hahitaji kuwa karibu tena. Anaweza kungoja hadi siku lori litakapolipa.

Kanuni ni rahisi: picha, nyimbo na orodha pokea, lakini programu usipokee kwa Bluetooth, hata kutoka kwa ndugu. Ndugu yako anaweza kuwa aliipokea kutoka kwa huyo kijana. Programu ya pesa ipakue kutoka kwa duka rasmi la simu yako pekee, hata kama utangoja mpaka upate bando. Na kama hiyo ni shida, tumia nambari fupi ya nyota na reli, ambayo haihitaji intaneti kabisa.

*Ya pili ni picha ya ujumbe wa malipo.* Mnunuzi anasema ametuma, wewe hujapata ujumbe. Anasema mtandao wa huku ni mbaya, kwa hivyo anakurushia picha ya ujumbe wake kwa Bluetooth kama ushahidi. Picha inaweza kutengenezwa kwa dakika mbili. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya gunia la ndengu kupanda lori. Kama mtandao umepotea kweli, mzigo nao ungoje. Mnunuzi mwaminifu atakuelewa.

*Ya tatu ni Bluetooth inayoachwa wazi kwa simu ya zamani.* Mwaka wa 2017 watafiti wa kampuni ya usalama ya Armis walitangaza udhaifu walioupa jina BlueBorne. Ulimwezesha mtu aliye karibu kuingilia simu ambayo Bluetooth imewashwa, hata bila mwenyewe kukubali chochote. Kampuni za simu zilitoa marekebisho, lakini marekebisho huja na masasisho, na simu isiyosasishwa hubaki vile ilivyokuwa. Simu ikikuletea sasisho, likubali ukipata Wi-Fi. Na ukimaliza kutumia Bluetooth, izime.

Kama tayari umekubali programu usiyoijua

Usingoje uone kama pesa zitatoka. Fuata mpangilio huu:

1. Zima data, Wi-Fi na Bluetooth mara moja.

2. Toa laini na uiweke kwa simu nyingine unayoiamini. Kabambe ni nzuri sana kwa hili. Badilisha PIN yako kutoka hapo. Ukibadilisha kwa simu ile ile, programu inaweza kuiona PIN mpya pia.

3. Tupigie kupitia nambari rasmi ya huduma kwa wateja, sio nambari uliyopewa na mtu sokoni. Tutasimamisha akaunti kwa muda tukiangalia kama kuna kitu hakijakaa sawa.

4. Ondoa programu hiyo. Ikikataa kutoka, hifadhi picha zako muhimu, halafu rudisha simu ilivyotoka kiwandani, ama umpelekee fundi unayemwamini, laini ikiwa imetolewa.

5. Kama pesa zimetoka, piga ripoti kituo cha polisi na upate nambari ya OB. Kuingilia simu ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka wa 2018, na nambari hiyo inasaidia ufuatiliaji.

Usione aibu kusema. Ukituambia mapema, nafasi ya kuzuia pesa kabla hazijatolewa ni kubwa zaidi.

Kazi ya leo

Chukua simu yako sasa hivi. Fungua ukurasa wa Bluetooth na uangalie mambo matatu: jina lake linasema nini, ni vifaa gani vimewahi kuunganishwa, na kama kuna chochote usichokikumbuka. Kile usichokijua, agiza simu ikisahau. Halafu uzime.

Ukimaliza yako, shika ya mzazi wako ama ya jirani ambaye hajazoea simu janja, umfanyie mbele ya macho yake ukimweleza kila hatua. Usimwombe PIN. Na ukiona anataka kukutajia, mwambie hiyo ni yake peke yake, hata wewe hufai kuijua.