Jeraha Lisiloonekana: Tezi ya Juu ya Figo Inapovuja Damu Baada ya Ajali

Mtu akianguka na bodaboda, akigongwa na gari au akiporomoka kutoka mtini, huenda asitoke damu hata tone. Huinuka, akapangusa vumbi na kusema yuko sawa. Hata hivyo, kishindo kinaweza kuumiza viungo vya ndani bila ngozi kupasuka. Miongoni mwa viungo hivyo ni tezi za adrenali.

Tezi hizi ni mbili, kila moja juu ya figo moja, na uzito wake ni takriban gramu 5. Hutengeneza homoni kama kotisoli, inayosaidia kudumisha presha na sukari ya damu. Ya kulia ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa hubanwa kati ya ini na uti wa mgongo.

Itatambuliwaje?

Mgonjwa huhisi maumivu ya tumbo, ubavu au mgongo. Kwa kuwa mbavu, ini au figo iliyoumia huleta maumivu kama hayo, kupapasa tumbo hakutoshi. Ultrasaundi nayo inaweza kuikosa. Kipimo kinachoionyesha vizuri ni skani ya CT.

Matibabu

Ikiwa ni tezi moja, mara nyingi upasuaji hauhitajiki. Mgonjwa hulazwa, hupewa dawa ya maumivu, na presha na damu yake hupimwa mara kwa mara hadi uvujaji ukome. Usipokoma, madaktari huziba mshipa unaovuja au hufanya upasuaji.

Zikiumia zote mbili, homoni zinaweza kupungua ghafla, pengine siku kadhaa baada ya ajali. Presha hushuka, mgonjwa hutapika, hulegea na kuchanganyikiwa. Hapo dripu pekee haitoshi. Huhitaji sindano ya haidrokotisoni bila kuchelewa, la sivyo anaweza kufariki.

Mwananchi, zingatia haya:

• Ukigongwa kwa nguvu tumboni, ubavuni au mgongoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama huna kidonda.
• Usikubali kukandwa tumbo wala mgongo.
• Usimeze aspirini au ibuprofeni kabla ya kupimwa, kwani zinaweza kuzidisha uvujaji.
• Mweleze daktari ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au za steroidi.
• Ukisharuhusiwa kwenda nyumbani, rudi mara moja ukipata kizunguzungu, kutapika au tumbo kuvimba.
• Usikose kliniki. Picha ya marudio huonyesha kama damu iliyoganda inapungua, na wakati mwingine hufichua uvimbe uliokuwepo kabla ya ajali.

Kwa dharura, piga simu 999 au 112. Kutoona damu si hakikisho kwamba hakuna inayovuja.