JUA HAKI ZAKO: Maumivu ya kichwa yaliyoanzia kazini nayo yana fidia

Aliyekatwa mguu kazini haulizwi mengi anapodai fidia. Mwenye kipandauso huulizwa mpaka anakata tamaa. Jeraha lake halionekani, basi mwajiri humwita mvivu, ndugu humwambia ameze Panadol alale, na mwisho hata yeye huamini kuwa hana chake. Ana chake. Katika madai ya fidia, swali kubwa ni uwezo wa kufanya kazi uliopotea na kama ulipotea kwa sababu ya kazi. Jina la ugonjwa na ukubwa wa kovu havimnyimi mtu haki.

Nawaandikia hasa wazee wangu wa Ilongero na vijiji vingine vya Halmashauri ya Wilaya ya Singida waliolitumikia jeshi, pamoja na wale waliostaafu jeshini kisha wakaajiriwa ulinzi. Haki ya aliyeumia jeshini na ya aliyeumia kwenye ajira ya kiraia zina milango tofauti, na wengi hupoteza miaka wakibisha mlango usio wao.

Uliumia ukiwa askari

Utumishi wa JWTZ unaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, pamoja na kanuni zake, na pensheni ya askari hulipwa na Hazina. Kwa hiyo dai la jeraha la utumishi huanzia jeshini. Kwa mtu wa Ilongero, mlango wa karibu ni ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ambaye ni ofisa wa JWTZ. Mpelekee barua, naye akuelekeze namna ya kuifikisha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua askari na mgambo kutoka kila pembe ya nchi. Mzee aliyekaa karibu na mizinga ya roketi, ile ambayo Waganda waliiita Saba Saba, au aliyerushwa na mlipuko, asiandike tu "naumwa kichwa tangu vitani". Aandike namba yake ya utumishi, kikosi, mahali, mwezi na mwaka, nini kilitokea, nani alikuwa naye na alitibiwa wapi. Aambatanishe cheti cha kumaliza utumishi. Wenzake wa kikosi walio hai wanaweza kula kiapo cha maandishi mbele ya hakimu au wakili kueleza walichokiona. Katika barua hiyohiyo aombe kupimwa na jopo la madaktari, kisha abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Uliumia ukiwa mwajiriwa wa kiraia

Tuseme mstaafu wa jeshi analinda mashine ya kukamua alizeti. Usiku wezi wanampiga rungu kichwani. Kidonda kinapona, lakini kichwa kinabaki kuuma. Huyu analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Kila mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuchangia. Mchango ni wa mwajiri peke yake, hivyo akikukata mshahara kwa ajili hiyo anavunja sheria.

Mweleze mwajiri mara tu unapoumia. Yeye anatakiwa kuijulisha WCF ndani ya siku 7 tangu apate taarifa. Dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Likikubalika, Mfuko hulipia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, madaktari huupima kwa asilimia: hadi 30 hulipwa kwa mkupuo, na zaidi ya 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Mwajiri akisema hakukusajili, kosa ni lake. Akisema hukuwa na mkataba, kumbuka kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka yeye atunze maelezo ya ajira kwa maandishi. Asipoweza kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Nenda Ofisi ya Kazi, Singida mjini.

Na kama kipandauso hakikutokana na kazi, ila kimekufanya ushindwe kazi ukiwa mwanachama wa NSSF au PSSSF, uliza kuhusu mafao ya ulemavu. Hayo hayahitaji ajali ya kazini, lakini yana masharti ya michango na vipimo.

Ushahidi wa maumivu yasiyoonekana

Hapa ndipo madai mengi hufia. Kwa vigezo vya kimataifa vya madaktari, maumivu ya kichwa huhesabiwa kuwa yametokana na jeraha yakianza ndani ya siku 7 baada ya jeraha au baada ya mtu kurudiwa na fahamu. Yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Aliyepigwa Jumatatu akaenda kituo cha afya baada ya miezi 5 amejinyima ushahidi wake mkubwa. Nenda mapema, na hakikisha mganga ameandika tukio pamoja na maumivu. "Maumivu ya kichwa" peke yake haitoshi. Inayosaidia ni "maumivu ya kichwa baada ya kupigwa kazini, tarehe fulani".

Kisha tunza daftari. Andika hivi: "Jumanne, saa 4 asubuhi. Upande wa kushoto. Nimetapika mara mbili, mwanga unaniumiza. Nimelala chumba chenye giza hadi saa 11 jioni. Sikwenda lindo. Mke wangu alikuwepo." Andika pia kila dawa uliyomeza, kwa sababu dawa za maumivu zikimezwa karibu kila siku zenyewe huweza kuendeleza maumivu, na daktari atataka kulijua hilo.

Kwa nini uandike siku ulizoshindwa kazi? Kwa sababu hizo ndizo zinazoonyesha ukubwa wa ulemavu. Marekani hupima kipandauso cha maveterani wake kwa njia hiyo: shambulio la kumlaza mtu, kwa wastani wa mara moja kwa mwezi, hupewa asilimia 30, na yale ya mara kwa mara sana yanayomvurugia kabisa kipato hupewa 50. Vigezo hivyo si vya kwetu, lakini daktari wa hapa naye atakuuliza mara ngapi, kwa muda gani, na ulishindwa nini.

Asikwambie mtu kuwa kipandauso ni maradhi ya wazungu. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyoizunguka Hospitali ya Haydom, huko Mbulu, na matokeo yao ya 2010 yalithibitisha kuwa wanakijiji wanaugua. Kituo cha afya kikishindwa, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na barua ya rufaa uitunze.

Ukikataliwa

Dai majibu ya maandishi yenye sababu. Uamuzi wa WCF unaweza kupingwa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Muda wa kupinga una kikomo, kwa hiyo barua usiiweke kabatini. Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, hapo Ilongero. Yeyote anayetaka "chochote" ili asukume faili lako anakuibia. Mripoti TAKUKURU.

Kama kichwa kilianza kukuuma baada ya tukio la kazini, nenda kituo cha afya wiki hii. Simulia lilivyotokea, na usiondoke kabla hujaona limeandikwa.