Jongoo, Mvinje na Timbo la Bamburi

Tunayo methali tuliyofunzwa tangu shule ya msingi: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Leo nataka kuwaonyesha kwamba pale Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, mwenye kumtupa jongoo angetupa msitu mzima. Somo letu ni jinsi ya kurudisha mimea katika ardhi iliyochimbwa.

Maneno ya kujua

Timbo ni shimo kubwa linalobaki baada ya kuchimba mawe au madini. Mboji ni majani na takataka za mimea zilizooza zikawa chakula cha udongo. Mti mwanzilishi ni ule unaoweza kuishi mahali ambapo mingine haiwezi, kisha ukaitengenezea hiyo mingine njia.

Kwa nini ni vigumu?

Huenda mtu akasema, "Si mpande miti tu, mambo yaishe!" Haiwi hivyo. Udongo wa juu ndio wenye rotuba, mbegu na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mchimbaji akiuondoa, kinachobaki ni mwamba au kifusi. Mvua ikinyesha hakuna cha kuyashika maji. Jua likiwaka hakuna kivuli. Mche unaopandwa hapo ni kama mtoto aliyeachwa jangwani bila mama.

Bamburi palivyokuwa

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutengeneza saruji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa chokaa itokanayo na matumbawe ya kale, kwa maana zamani sana hapo palikuwa bahari. Wakachimba hadi wakakaribia maji ya chini ya ardhi, nayo yana chumvi. Basi ikabaki sakafu ya mawe meupe, joto kali, chumvi, na hapana udongo.

Mwaka 1971 kazi ya kulifufua timbo hilo ikaanza, ikiongozwa na mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller. Alijaribu aina 26 za miti. Mingi ikafa. Iliyostahimili ni aina tatu tu: mvinje, mnazi, na mti uitwao damas ambao asili yake ni pande za Usomali. Kati ya hiyo mitatu, mvinje ndio uliobeba mzigo mkubwa.

Siri ya mvinje

Katika Bayolojia tunasoma kwamba mizizi ya maharagwe na kunde ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Mvinje si jamii ya kunde, lakini nao una vinundu vyake. Ndani mnaishi bakteria wa aina nyingine, waitwao Frankia, wanaofanya kazi hiyo hiyo. Kwa hivyo mvinje hujitafutia nitrojeni pale pale kwenye mawe. Zaidi ya hayo, huvumilia chumvi na hukua upesi.

Lakini kukatokea shida. Vijani vyake vyembamba kama sindano vilianguka vikarundikana, wala havikuoza. Sababu yake ni tanini, ile ile inayokaza ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Bakteria hawakuiweza. Bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji hakuna udongo.

Hapo ndipo akaingia jongoo! Ilionekana kwamba yule jongoo mkubwa wa pwani, mwenye miguu myekundu, anavila vijani hivyo bila taabu. Wakaokotwa majongoo kwa mamia wakaachiliwa chini ya mivinje. Jongoo akala, akatoa kinyesi, na kinyesi hicho bakteria wakakiweza. Mboji ikaanza kujengeka kidogo kidogo. Haba na haba, si ndio? Udongo ulipopatikana, miti mingine ikapandwa, ndege wakaja na mbegu zao, na wanyama wakaletwa.

Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa watu wote, na leo panaitwa Haller Park. Wengi wenu mnapajua kwa sababu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeletwa Desemba 2004 baada ya tsunami, akafanya urafiki na kobe mzee. Mwaka 1987 Haller alituzwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira katika orodha yake ya watu 500.

Tunajifunza nini?

Kwanza, dawa ya timbo moja si dawa ya kila timbo. Migori, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, ni lazima udongo upimwe kabla ya mtu kupanda chochote cha kuliwa. Kwale, uchimbaji mkubwa wa mchanga wa titani ulioanza mwaka 2013 ulikoma Desemba 2024. Huko ardhi ni mchanga, wala si mwamba kama Bamburi, kwa hiyo inataka mpango wake.

Pili, ni rahisi kuutunza udongo kuliko kuuumba upya. Mchimbaji anayeuweka kando udongo wa juu na kuurudisha amekwisha fanya nusu ya kazi.

Tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote, tusingoje shimo liishe ndipo tuulize. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwombaji wa leseni ya uchimbaji aonyeshe mpango wa kuirekebisha ardhi kabla ya kupewa leseni. Sisi wa pwani tunayajua matimbo ya mawe ya kujengea yaliyoachwa wazi vijijini. Mvua ikinyesha yanajaa maji, mbu wanazaana, na mama hana amani mtoto akichelewa kurudi. Mwenye timbo ameshakwenda zake na pesa zake. Msitu wa Bamburi haukurudisha kila kilichokuwapo zamani, lakini unatuondolea kisingizio. Kama mwamba mtupu uliota msitu, nani atatuambia timbo la kijijini haliwezekani?

Maswali ya kujadili chamani

1. Kwa nini mvinje peke yake haukutosha?
2. Tunga sentensi mbili ukitumia maneno timbo na mboji.
3. Je, karibu na kwenu kuna timbo? Chunguza ni mimea gani imeanza kuota yenyewe, kisha uilete orodha mkutanoni. Hiyo ndiyo miti waanzilishi wetu.