Mlango wa Nyumba na Kona ya Utajiri

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, somo la toleo hili sikulitafuta kitabuni. Lilinikuta chumbani kwetu, Kikoni, mwanzoni mwa muhula, siku mwenzangu wa chumbani alipopata matokeo yake: masomo mawili ya kurudia. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Akhi, chumba hiki kina mkosi. Mimi nahama."

Kodi tulikwisha kuilipa nusu kwa nusu, na ya kurudishwa haikuwepo. Nusu yake ilitoka kwenye kahawa ya mama yake, mavuno ya msimu mzima. Nikamuuliza mkosi huo ameuonaje. Akanionyesha kwenye simu mafunzo ya feng shui. Kitanda chake kimeelekeza miguu mlangoni, na hivyo ndivyo maiti anavyotolewa. Kioo kinatazama kitanda. Nyuma ya mlango kuna jerikeni tatu za maji, na mlango, kwa mafunzo hayo, ndio mdomo ambao heri ya nyumba huingilia.

Nilicheka, nikakosea kucheka. Mtu aliyefeli hachekwi. Basi nikakaa nikasoma jambo lenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata.

Feng shui ni maneno mawili ya Kichina, upepo na maji. Ni elimu ya zamani sana ya kuchagua mahali pa kaburi, kisha pa nyumba, ikishikilia kwamba kuna nguvu iitwayo chi inayopita ardhini na hewani, na kwamba nyumba ikikaa vizuri chi hutulia ndani, ikikaa vibaya hukimbia. Sehemu ya maneno yake ni busara ya wajenzi tu. Kule China kaskazini, baridi kali hutoka kaskazini na jua la kipupwe hukaa kusini, kwa hiyo nyumba yenye kilima nyuma yake upande wa kaskazini na mlango wa kusini huwa na joto. Nani atakataa hilo?

Lakini ilete Kampala. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa sita jua la mchana liko upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Mlango wa kusini hautupi chochote cha pekee. Kinachotuchoma ni dirisha la magharibi saa kumi jioni. Na ile kanuni ya kilima nyuma na maji mbele, muulize mkazi wa Bwaise. Maji yako mbele, naam, na mvua ikinyesha yako sebuleni.

Kisha nikaona jambo lililonishangaza zaidi. Wako wanaotumia dira, nao husema kona ya utajiri ni kusini-mashariki. Wako wengine, hasa katika mafunzo yaliyoenea kutoka Marekani, ambao hawaangalii dira kabisa; wao husema kona ya utajiri ni ile ya mbali, mkono wa kushoto ukiingia mlangoni. Chumba chetu unaingia ukielekea kaskazini. Kwa hao wa kwanza, utajiri wetu uko nyuma ya mlango, penye jerikeni. Kwa hao wa pili uko kaskazini-magharibi, penye ndoo ya nguo chafu. Nilipomwonyesha mwenzangu, yeye ndiye aliyecheka safari hii.

Sasa tuje kwenye dini yetu, maana jambo la milango si geni kwake. Kabla ya Uislamu, na hata mwanzoni mwake, Ansari wa Madina walikuwa wakirudi kutoka hija hawaingii kwa milango ya nyumba zao. Wakizunguka na kuingilia nyuma, wakiona huo ndio wema. Ikateremka aya ya 189 ya Suratul Baqara, maana yake kwamba wema si kuziingia nyumba kwa nyuma, wema ni kumcha Mwenyezi Mungu, na nyumba ziingiwe kwa milango yake. Habari hii imo katika Bukhari kutoka kwa Al-Baraa. Tazama jinsi ilivyo: watu walikuwa wameuwekea mlango hukumu ambayo Mungu hakuiweka, nao wakarudishwa kwenye matumizi ya kawaida. Mlango ni wa kuingilia.

Waarabu waliita jambo hili tiyara, kutokana na ndege waliowafukuza ili kuona wanarukia upande gani. Kiswahili chetu kimelihifadhi jambo hilohilo: tunasema ndege njema na ndege mbaya bila kukumbuka asili yake. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud, waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, tiyara ni shirki. Na inafuata nyongeza, ambayo wanazuoni wamesema ni maneno ya Ibn Mas'ud mwenyewe, kwamba hakuna miongoni mwetu asiyeguswa na hisia hiyo, ila Mwenyezi Mungu huiondoa kwa kumtegemea Yeye. Nyongeza hiyo ilinituliza. Mwenzangu hakuwa kafiri kwa kuogopa kitanda. Alikuwa mtu aliyefeli, akitafuta sababu.

Hapa nataka tujitazame pia sisi wenyewe. Juu ya mlango wetu kulikuwa na fremu ya Ayatul Kursiyyu, yenye vumbi, ambayo niliitundika mimi. Mwenzangu akaniuliza swali zuri: "Hii na kile kioo chao cha pembe nane, tofauti ni nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Kuhusu hirizi, ile hadithi ya Uqba bin Aamir katika Musnad Ahmad inamhesabu mwenye kuitundika kuwa ameingia katika shirki. Zile zilizoandikwa Qur'ani peke yake wanazuoni wamehitilafiana. Wako wa zamani walioziruhusu, na Ibn Mas'ud ni katika waliozikataa. Lakini hata ukichukua kauli nyepesi, aya inayolinda nyumba ni ile inayosomwa. Katika Sahih Muslim, nyumba ambayo shetani huikimbia ni ile isomwayo Suratul Baqara ndani yake. Mimi nilikuwa nimetundika na sikuwa nasoma. Nilichokuwa nacho mlangoni, kwa kweli, kilikuwa kona yangu ya utajiri.

Basi, je, Muislamu asihame nyumba inayomkaba roho? La, na hapa wengi huenda mbali kupita kiasi. Abu Dawud amepokea kwa Anas kwamba mtu alimlalamikia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuwa walikuwa katika nyumba wakiwa wengi na wenye mali, wakahamia nyingine wakapungua watu na mali. Hakuwakemea, aliwaambia waiache, ni mbaya. Al-Khattabi ameeleza kwamba aliwaruhusu watoke ili ile dhana ya mkosi isipate kukita mioyoni mwao. Wala nyumba pana si jambo dogo: katika mapokezi ya Ibn Hibban imehesabiwa miongoni mwa mambo manne ya furaha, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando cha starehe. Kwa hiyo swali sahihi kwa mwenzangu lilikuwa hili: chumba hiki kinakudhuru kwa nini hasa?

Tukakagua, kama watu wanaokagua gari. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wenye unyevu, na nyuma ya godoro kulikuwa na ukungu mweusi. Ndiyo maana alikuwa akikohoa usiku na kusinzia darasani. Dirisha lilikuwa limezibwa na kabati. Na jioni za mvua, nakiri, tulikuwa tukiingiza sigiri ndani baada ya kupika, tupate joto, mlango umefungwa. Moshi wa makaa una gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume akaamrisha moto uzimwe wakati wa kulala. Hiyo ni feng shui ninayoikubali kwa mikono miwili: upepo uingie, moto utoke.

Kitanda tukakisogeza. Kabati likaenda ukutani, dirisha likafunguka, nalo liko upande wa kaskazini. Kutoka Kampala kibla ni kaskazini, ukipinda kidogo kuelekea mashariki, nyuzi kama 18. Tukatandika mkeka wa sala hapo chini ya dirisha, maana tumeamrishwa tusizifanye nyumba zetu makaburi kwa kuacha kuswali sunna ndani yake. Jerikeni tukazitoa mlangoni, kwa kuwa mwenzangu alijikwaa hapo kila alfajiri, na kuondoa udhia njiani ni tawi la imani.

Mlango wenyewe tukauwekea pazia. Abdullahi bin Busr amesimulia kwamba Mtume alipofika mlangoni kwa watu hakuuelekea uso kwa uso; alisimama kuliani au kushotoni, kwa sababu siku hizo nyumba hazikuwa na pazia. Katika korido za hosteli zetu milango hukaa wazi na watu huchungulia wakipita. Jirani zetu sasa wanabisha hodi, na mmoja wao kwanza aliudhika.

Ile fremu nimeipangusa vumbi, bado ipo. Ila kila mmoja wetu anayeingia hutoa salamu kwa sauti hata kama chumba hakina mtu, kwa ile aya ya 61 ya Suratun Nur. Mwenzangu alibaki. Kikohozi kimepungua. Mtihani wa kurudia ni mwezi ujao, na kitanda chake, kwa kukosa nafasi nyingine, bado kimeelekeza miguu mlangoni.

Wallahu a'lam.