Baba alitolewa tezi dume: twende MRI?

Swali: Baba yetu wa Kabambare alitolewa tezi dume yote Kampala kwa sababu ya kansa. Tuuze ng'ombe apigwe picha ya MRI?

Jibu: Msiuze bado. Anzeni na damu: sampuli ya kupima PSA, protini ya tezi dume, husafiri kwa urahisi kuliko mzee kwenye barabara ya Kasongo. Baada ya upasuaji, PSA hushuka karibu na sifuri. Ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, tunashuku kansa imerudi. Hapo MRI husaidia kuonyesha ilipo ndani ya nyonga. PSA ikiwa chini sana, picha yaweza kukosa kuiona. Lakini mgongo ukiuma na miguu ikalegea, msingoje kipimo chochote: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.